Honi Isiyojibiwa: uchambuzi wa ajali moja ya msimu wa karafuu Pemba

Kijana wa miaka 20, mchumaji wa karafuu, aligongwa na bodaboda saa kumi na mbili kasoro robo jioni kwenye barabara itokayo Chake Chake kwenda Mkoani, karibu kabisa na njia ya kuingilia kwao. Alivunjika muundi wa mguu wa kulia na kuchanika juu ya nyusi. Mpanda pikipiki alichubuka viganja na goti. Simu ya kijana iliruka hadi majanini, kioo kikapasuka, lakini haikuzimika. Waliofika mwanzo wanasema waliikuta inaendelea kusema peke yake.

Hakufa mtu, na kwa hesabu za barabarani kisa hiki ni kidogo. Siku ya tatu wazee wa pande mbili walikaa barazani kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu. Kahawa ikaletwa, kashata zikaletwa, na kabla ya birika kurudi jikoni hukumu ilikuwa tayari: simu ndiyo iliyomponza. Mpanda pikipiki atatoa nusu ya gharama za matibabu, kwa ubinadamu na si kwa kosa, na familia haitadai zaidi. Ikasomwa Fatiha, watu wakaagana.

Mimi niliitwa kuandika karatasi ya makubaliano kwa kuwa niliwahi kusomesha na mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika. Kisha nikaomba ruhusa ya kuandika hii ya pili, ndefu zaidi, kwa sababu hukumu ile haikunikaa sawa. Si kwamba ni ya uongo. Ina ukweli wa kutosha kuwafanya watu waache kuuliza. Wahusika wameridhia, kwa sharti kwamba nisitaje majina wala kijiji.

Jioni yenyewe

Kijana alikuwa shambani tangu asubuhi. Asiyejua kazi ya karafuu aelewe kwamba kuchuma ni nusu tu ya siku. Mtu hupanda mkarafuu, huvuta matawi kwake, huchuma vichala vizima na kuviteremsha. Mchana unapopinduka watu hukaa chini kuchambua, karafuu upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo chetu cha kienyeji. Karani wa mwenye shamba hupima na kuandika daftarini.

Zamani hesabu ilisomwa pale pale chini ya mti, kila mtu akaisikia yake na ya mwenzake, na kama kuna ugomvi ulimalizwa kabla hamjafunga mizigo. Katika shamba hili, msimu huu, karani aliona hilo linachelewesha watu. Akawa anafunga daftari, anakwenda kwake, na hesabu anaituma kwa simu kwa mtu mmoja mmoja. Fedha nazo zinakuja kwa simu. Utaratibu huu una raha yake, ila una tabia moja: ujumbe unafika pale pale watu wanapokuwa njiani kurudi makwao. Naliweka hili hapa mapema kwa sababu kule barazani hakuna aliyelitaja.

Siku hiyo kijana aliamini kachuma pishi 14. Akiwa bado hajatoka shambani, mwenzake akamnong'oneza kwamba kasikia kaandikiwa 11. Pishi tatu si kitu cha kulala nacho. Kwa kawaida huondoka na binamu yake, lakini binamu alibaki kumalizia kuchambua, na yeye akatoka peke yake akiwa na hasira. Alipofika barabarani simu ikalia: voisi, yaani ujumbe wa sauti, ya karani. Akaiweka sikioni, akaanza kutembea.

Kipande hicho cha barabara kiko hivi. Ukitokea Chake kuna kona chini ya mwembe, kisha barabara inanyooka. Kulia kilima kimekatwa, ukuta wa udongo mwekundu umegusana na lami, hapana pa kupita mtu. Kushoto kuna ukingo wa udongo uliokanyagwa ukawa njia, na nyuma yake nyumba. Katika msimu ukingo huo si njia tena, ni uwanja wa kuanikia. Majamvi yanatandikwa mfululizo kwa kuwa pale jua linapiga tangu asubuhi hadi jioni, wakati nyuani minazi na miembe hutia kivuli mapema. Jioni hiyo mbele ya nyumba ya bibi mmoja palikuwa na majamvi mawili. La kwanza liliishia pale lami inapoanzia. La pili, tulipolipima kwa futi ya fundi mwashi, liliingia juu ya lami sentimita 60, na pembeni limewekewa jiwe lisipeperuke.

Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuanua, maana umande ukiikuta karafuu nje huiharibu. Ndiye shahidi wa karibu kuliko wote. "Nilimuona, mwanangu, anakuja na simu sikioni, anasema peke yake. Nikataka kumwambia angalia karafuu zangu. Lakini hakukanyaga hata punje moja."

Hata punje moja

Maneno hayo ya bibi yalisemwa kwa shukrani, na watu wakayapita. Mimi naona ndiyo ushahidi mkubwa wa kisa kizima.

Barazani kijana alielezwa kama kipofu: kainamia simu, haoni, hasikii, kaingia katikati ya njia kama mlevi. Nilikwenda kuangalia mahali penyewe na alama za viatu zilikuwa bado kwenye vumbi la ukingo. Alilizunguka jamvi la kwanza kwa nafasi ya kiatu kimoja. Alipofikia pembe ya la pili akachepuka kulia, akalikwepa jiwe, akaingia kwenye lami kama mita moja. Mtu asiyeona hawezi kufanya hivyo. Macho yake yalifanya kazi, na yalifanya vizuri, ila kazi yaliyopewa ilikuwa moja: usikanyage karafuu za watu. Kijijini petu kukanyaga karafuu zilizoanikwa ni aibu na ni hasara, na mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kuvuka barabara. Kwa hiyo akili iliyobaki baada ya pishi 11 na pishi 14 ilikwenda chini, miguuni. Kwa kinachokuja nyuma haikubaki kitu.

Jambo hili limepimwa kwingine kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Washington, Marekani, wakiongozwa na Ira Hyman, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye uwanja wa chuo. Walimtoa chale wa sarakasi, nguo za rangi za kuwaka na pua nyekundu, akawa anazunguka juu ya baiskeli ya gurudumu moja pembeni mwa njia ya wapitao. Kisha wakawauliza waliopita kama wamemuona. Waliokuwa wakizungumza na simu, mmoja tu kati ya wanne alisema ndiyo. Waliotembea peke yao bila simu, nusu yao na ushei walimuona. Na waliotembea wawili wawili wakiongea, 71 kati ya kila 100 walimuona.

Hao wa simu hawakuwa wameinamisha vichwa kusoma. Walikuwa wakizungumza tu, macho yako mbele, njia wanaiona, na hawakujigonga ukutani. Chale hakuwemo katika shughuli yao, basi hakuonekana. Kijana wetu naye hakuwa akisoma. Alikuwa akisikiliza na kupiga hesabu.

Na tazama hao wawili wawili. Nao walikuwa katika mazungumzo, tena pengine yenye moto kuliko ya simu. Tofauti ni kwamba anayetembea ubavuni mwako yuko barabarani pamoja nawe. Honi ikilia yeye ndiye hunyamaza kwanza, hukuvuta mkono, au hugeuka tu nawe ukageuka. Aliye upande wa pili wa simu hajui kama uko kitandani au kwenye lami. Angekuwa na binamu yake jioni ile, ugomvi wa pishi tatu ungekuwa uleule na mguu ungekuwa mzima. Hilo nalisema bila kusitasita.

Sekunde tatu

Tulipima kutoka mdomo wa kona hadi alama ya kugongana: mita 46. Mpanda pikipiki anasema alikuwa kwenye 40. Watoto waliokuwa wakicheza nje wanasema ilikuwa inavuma. Tuchukue 50 kwa saa, ambayo ni karibu mita 14 kila sekunde. Tangu alipomuona kijana hadi kumfikia alikuwa na sekunde tatu na kidogo. Mtu aliye macho huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu tangu aone jambo mpaka mkono wake ukamate breki, yaani mita 14 hadi 21 zinapita kabla pikipiki haijaanza kupunguza. Baada ya hapo kwenye lami kavu, kwa mwendo huo, mita 20 zinatosha kusimama. Jumlisha: alikuwa na nafasi ya kusimama. Kwa mwendo anaoutaja yeye, nafasi ilikuwa kubwa zaidi.

Hakusimama kwa sababu hakuona haja. Hili nalo si ujeuri. Nilimuuliza nyumbani kwao, mkono umefungwa kitambaa, na jibu lake nimelifikiria kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki: "Mwalimu, nilipiga honi. Hakugeuka. Nikajua kashanisikia."

Msomaji wa mjini anaweza kuona hayo ni maneno ya mtu anayejitetea. Aliyekulia kwenye barabara za shamba anajua ni kweli tupu. Barabara zetu hazina njia ya miguu, hazina vivuko vya pundamilia, na usiku hazina taa. Kinachotulinda ni adabu ya honi. Mwenye chombo hupiga honi fupi, si ya kukutisha, ni ya kukuambia nipo. Mwenda kwa miguu mzoefu hageuki. Kugeuka ni kwa watoto na wageni, na tena ni hatari, maana anayegeuka huyumba. Mzoefu husikia, hushika mstari wake, hujisogeza kushoto kidogo, akampisha. Mwenye chombo akiona mtu hakugeuka na mstari wake umenyooka, husoma kwamba wameelewana, naye hupita.

Sasa mweke mtu huyo sikioni simu. Haisikii honi, au anaisikia kama sauti ya mbali isiyomhusu. Hageuki. Anashika mstari wake. Kutoka nyuma, aliyesikia na asiyesikia wanafanana kabisa. Mkono umeshika simu mbele ya bega, mwili wenyewe unaificha. Mpanda pikipiki aliona mgongo na akausoma kama alivyosoma migongo elfu kabla ya huo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hukumu ya barazani. Wao wanasema simu ilimzuia kijana kuiona pikipiki. Pikipiki ilikuwa nyuma yake; hata asingekuwa na simu asingeiona. Kilichotokea ni kwamba simu iliondoa jibu la honi bila kumjulisha aliyeuliza. Mmoja akadhani mazungumzo yamekwisha vizuri, mwenzake hakujua kama yalianza. Kisha likaja jamvi la pili, sentimita 60. Kijana akachepuka kulia kulikwepa jiwe, na pikipiki, ambayo haikujitanua sana kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na keri, gari dogo, inakuja, ikawa tayari ipo pale alipotia mguu.

Keri hiyo ndiyo iliyombeba kwenda hospitali. Dereva wake anasema aliona kila kitu kutoka mbele, akawasha taa mara mbili. Kijana hakumuangalia usoni hata mara moja.

Kuna suala la upande. Nchi yetu magari hupita kushoto, kwa hiyo asiye na njia yake ya miguu hushauriwa atembee kulia, magari yamjie usoni. Shuleni tunalisomesha. Kwenye kipande hiki upande wa kulia ni ukuta wa udongo, na kwao kijana ni kushoto, na njia ya shamba hutokea kushoto. Avuke mara mbili ili atembee mwendo mfupi akiwa amebanwa na kilima? Sijui mtu anayefanya hivyo, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kuhusu kuyumba kwenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2014 waliwatembeza watu 26 katika njia iliyonyooka, mara wakiwa hawana kitu, mara wakisoma simu, mara wakiandika. Walioandika walitembea polepole zaidi na mstari wao ukapinda zaidi. Utafiti mwingine wa mjini Seattle, uliochapishwa mwaka 2013, uliwatazama watu 1,102 wakivuka njia panda. Walioandika ujumbe walitumia karibu sekunde mbili zaidi kuvuka, na walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kufanya jambo la hatari, kama kuvuka bila kutazama huku na huku. Sekunde mbili kwa mwendo wa pikipiki ile ni mita 28. Kisa chetu si cha kuvuka wala cha kuandika, ndiyo maana sizitii tarakimu hizo uzito zaidi ya unaostahili. Lakini bibi alisema pia kwamba kijana alikuwa "anakokota miguu", na mtu anayejua kijana huyo anavyotembea ataliona hilo kuwa geni.

Voisi ilisema nini

Simu ilipoletwa hospitali kioo kilikuwa kama utando wa buibui, lakini ilifanya kazi. Voisi ya karani ilikuwa na sekunde 41. Kijana aliisikiliza hadi mwisho akiwa kitandani, mguu umetiwa plasta. Karani alianza na 11, ukurasa wa kwanza, akasimulia habari ya mzani na ya mvua, na mwisho kabisa akasema pishi tatu nyingine ziko ukurasa wa pili. Zilikuwa 14.

Nimetaja sekunde 41 si kwa ajili ya kumsikitisha mtu. Kwa mwendo wa kawaida wa miguu hizo ni kama mita 50. Angesimama chini ya mnazi akaimaliza voisi yake, angefika kwao akiwa amechelewa kwa muda wa kufunga mlango. Nilipomwambia hivyo alinijibu vizuri: "Mwalimu, nani anasimama?" Kweli, nani. Simu ya mkononi imetengenezwa ili uende nayo. Ile ya zamani ya waya ilikulazimisha ukae kitako nyumbani au dukani kwa mtu.

Vijana barazani walitaka ipitishwe marufuku. Mmoja alikuwa amesoma habari ya Honolulu, na yuko sahihi: tangu Oktoba 2017 huko anayevuka barabara akitazama kioo cha simu hupigwa faini, kuanzia dola 15 hadi 99 kwa anayerudia. Mji wa Yamato, Japani, nao mwaka 2020 ulikataza kutembea huku unatazama simu, ila haukuweka adhabu. Sina ugomvi na miji hiyo. Lakini sheria ya Honolulu ni ya mtu anayevuka, na ni ya macho. Haimgusi mtu anayetembea pembeni akisikiliza voisi ya karani, na ndiye tunayemzungumza. Tena mji ule una njia za miguu. Aliyetoka kwenye njia yake na kuingia ya magari anajulikana. Huku kwetu njia ya miguu jioni ile ilikuwa na karafuu juu yake.

Na tusijidanganye kwamba simu ndiyo iliyoleta balaa la waenda kwa miguu. Bridget Driscoll, mwanamke aliyegongwa na motokaa mjini London mwaka 1896, hakuwa na kitu sikioni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, na waenda kwa miguu ni 23 katika kila 100. 

Simu ya pili

Kuna swali moja ambalo barazani halikuulizwa, na nililiuliza baadaye kwa upole. Mpanda bodaboda naye alikuwa na simu. Ilikuwa imechomekwa ndani ya helmeti, ubavuni, kama wafanyavyo wengi. Abiria aliyekuwa akimsubiri mbele alishampigia mara mbili. Anasema hakuwa akizungumza wakati ule, na mimi sina sababu ya kumwita muongo. Ila simu ya kijana ilionekana na kila mtu kwa kuwa ililala majanini ikisema, na ya mpanda pikipiki haikuonekana kwa kuwa haikudondoka. Hukumu ikaegemea simu iliyodondoka.

Hata tukimwamini kila neno, bado yeye ndiye aliyekuwa na chombo. Aliona mtu, aliona majamvi, aliona keri inakuja, akaona nafasi imekuwa nyembamba, akategemea honi. Ilikuwa desturi nzuri wakati barabara ile ilikuwa na magari machache na masikio yalikuwa wazi. Leo mgongo usiogeuka hauwezi kusomwa tena kama ndiyo. Mwenye chombo apunguze mpaka apate ishara: mkono ulioinuliwa, kichwa kilichogeuka, mtu kujisogeza. Asipoipata, apite kwa mwendo wa kuweza kusimama. Nimewaeleza hivyo vijana wa kijiwe cha bodaboda. Mmoja akaniambia kwa mwendo huo watu watawahi kwa miguu. Wengine walinielewa.

Yaliyobadilika na yasiyobadilika

Karani amerudi kusoma daftari chini ya mti. Hakulazimishwa, wachumaji walimwambia wazi kwamba hawaondoki mpaka wasikie. Inachukua muda, na ugomvi upo, lakini ni ugomvi wa watu waliokaa chini. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko lenye manufaa kuliko yote, na halina uhusiano wowote na usalama barabarani kwa jinsi watu wanavyolifikiria.

Majamvi yapo palepale. Nilimwendea bibi nikamwomba angalau lile la pili alirudishe ndani ya ukingo. Alinisikiliza, akanikaribisha maji, akaniuliza: "Basi nikaanike wapi, mwanangu? Uani jua linaondoka mapema." Karafuu isiyokauka vizuri hushushwa daraja kwenye kituo cha kununulia, na tofauti ya daraja ni ada ya madrasa ya wajukuu. Alikubali kuliondoa jiwe na kuweka gogo jembamba kwa ndani. Jamvi alilivuta kiasi. Jirani yake hakulivuta la kwake, na hilo ni mita chache tu mbele. Nimemwambia sheha kwamba ukingo wa barabara utatoka kwenye karafuu siku patakapopatikana uwanja wa kuanikia wenye jua la kutwa, na kwamba uwanja wa mpira wa kijiji mchana hauna mtu. Amesema ataliweka kwenye kikao. Wachezaji wameshaanza kulalamika.

Kijana ametolewa plasta na anatembea kwa mkongojo. Kwao kulikuwa na mvutano wa kumpeleka kwa muunga mifupa badala ya kurudi hospitali. Mama yake alishinda, akarudi hospitali. Simu yake imebadilishwa kioo.

Kilichobaki ni ile nusu. Nimemwambia baba mtu kwamba, kwa nilivyoviona na kuvipima, fungu la mwenye pikipiki lingekuwa zaidi ya nusu, na lingeandikwa kuwa ni wajibu, lisiandikwe ubinadamu. Na kwamba yumkini mwenye jamvi na mwenye shamba nao walikuwa na la kuchangia. Hakukasirika. Alisema suluhu ikishasomewa Fatiha haifufuliwi, na kwamba yule mpanda pikipiki ni mtoto wa watu anaowazika na wanaomzika. Nusu yao wameimaliza kulipa mwezi uliopita, kwa kuuza makonyo na mbuzi mmoja.